Tomati Zangu na Mustari wa Maji Matupu

Jumatatu, 10 mwezi wa sita

Kutoka Kasongo mpaka Kabambare hakuna mwanaume anayejua tomati kunishinda. Nikipiga chafya juu ya jiwe, jiwe linatoa maua. Siku mazao yalipogawiwa rangi mimi nilikuwepo, nikasema tomati iwe nyekundu, wakubwa wakakubali.

Natwanga majani ya moringa tangu asubuhi. Kinu cha mama. Mukono wa kuume umekuwa kijani mpaka kwenye kiwiko. Nakamua kwa kitambaa, naongeza maji, natia ndani ya pompi ya mugongoni, napulizia mustari wangu. Kisha nasafisha pompi, nachota maji matupu ya kijito, napulizia mustari wa pili. Huo wa pili Mamzele anauita shahidi. Shahidi wa nini? Nani ameiba? Anasema bila mustari wa maji matupu hakuna atakayeamini kwamba majani yamefanya kazi. Waniangalie mimi usoni, wataamini.

Mamzele ni Feza, mwanafunzi wa shule kubwa ya kilimo kule Kindu. Amekuja kumalizia masomo yake ndani ya bonde letu. Anataka kujua kama maji ya majani yanaongeza sukari na vitamini ndani ya tomati. Siyo ukubwa. Siyo rangi. Ndani. Anasema jani la moringa liko na kitu kinachoamsha muti mwingine, na muti ukiamka unajaza matunda yake vizuri.

Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Niliiacha shule kabla yenyewe haijaniacha. Lakini vitamini naijua.

Jumapili, 16 mwezi wa sita

Nimekasirika. Naandika huku meno yanauma kwa kuyabana.

Baba mudogo Rajabu ameshuka bondeni leo, na Selemani mwana wake nyuma yake kama mukia. Tangu baba yangu afariki, neno la bonde liko kinywani mwa baba mudogo. Selemani anataka kufyatua matofali hapa. Akashika udongo, akaufinya, akaunusa. Akasema huu ni udongo wa nyumba, siyo udongo wa mboga. Mama alikuwa amesimama pale pale na jembe lake. Hakuna aliyemuangalia.

Mama analima bonde hili tangu sijazaliwa. Wakilichukua, atapewa kile kipande cha kilimani, ng'ambo ya muto. Kokoto tupu. Maji ubebe kichwani. Goti lake la kushoto halipandi hata kizingiti.

Mamzele njo aliyesema. Akamuomba baba mudogo asubiri mavuno. Kama majani yakionyesha kitu, shule yake italichukua bonde kuwa shamba la kufundishia, mama na mimi tutabaki walinzi wake. Baba mudogo akakuna ndevu. Akasema sawa, tomati ziseme zenyewe.

Selemani akaniita Docta Majani. Akauliza kama nazipigisha tomati muswaki kila asubuhi. Baba mudogo akacheka. Sitasahau aliyecheka.

Jumatano, 26 mwezi wa sita

Maua. Mistari yote miwili. Majani ya mustari wangu ni meusi kwa afya. Ya shahidi yako tu.

Akina mama wa mashamba ya jirani wamekuja kuomba masazo ya maji ya moringa wapulizie zao. Nikawakatalia. Wakanisifu. Nikawapa. Mimi siyo mutu mubaya, napenda tu nisemwe vizuri.

Alhamisi, 4 mwezi wa saba

Maji ya kijito yamekuwa chai ya maziwa. Nimepanda juu kuangalia. Selemani na vijana wake wamechimba shimo la kujaribia udongo, pembeni kabisa ya maji. Ati kujaribu tu. Nikamuambia asubiri mavuno kama babake alivyosema. Akanirushia bonge la tope kifuani. Nikamurushia mawili. Vijana wake wakanishika mikono, yeye akanipaka tope usoni polepole, kama mutu anayesiriba nyumba.

Namuchukia. Naandika tena. Namuchukia.

Nimechota maji ya kisima mpaka mabega yamechubuka, ili mistari ipate maji safi. Yote miwili, sawa sawa. Kazi yangu naijua.

Jumamosi, 13 mwezi wa saba

Matunda! Mustari wangu umebeba mpaka miti inainama, nimeongeza vijiti. Akina mama wanapita kutazama. Nimesimama pale kama baba wa mapacha.

Mamzele amepanda pikipiki kwenda Wamaza kuangalia mashamba mengine. Atarudi siku ya kupima, mbele ya baba mudogo. Kabla ya kupanda akanipa sheria. Tomati zote, zangu na za shahidi, ziachwe mutini mpaka ziwe nyekundu. Zichumwe asubuhi ile ile ya kupima. Sukari na vitamini, anasema, vinaendelea kuingia mpaka mwisho, kupitia kikonyo.

«Amisi, hata moja usitoshe mutini mbele ya siku.»

Nikasema oui, Mamzele.

Mimi. Kufundishwa kuchuma tomati. Nani analisha Salamabila? Wachimba dhahabu wa kule wanakula tomati za nani? Tomati ikiiva mutini, barabara ya Salamabila inaifanya supu kabla ya nusu ya safari. Sisi tunachuma kijani, tako likianza tu kuwa jeupe. Tunapanga ndani ya kitunga, tunafunika majani makavu ya ndizi, tunavundika. Ukifungua, zote zimeiva pamoja, ngumu, zinang'aa, hakuna ufa. Mama alinifundisha, bibi alimufundisha mama. Salamabila wananunua rangi. Sijasikia mutu hata mumoja kule akiuliza kilichomo ndani.

Jumatano, 24 mwezi wa saba

Ndege wametoboa tomati. Jua limebabua mabega ya shahidi, nyingine zimepasuka kama visigino vya muzee. Na mustari wangu umeanza nao. Ufa hapa, doa pale.

Na siyo ndege tu. Nimewakuta vijana wa Selemani wamekaa kwenye ukingo, chumvi kwenye kiganja, wanakula tomati ZANGU. Zile za kwanza kugeuka. Nikawafukuza kwa jembe. Mumoja akasema wanapima vitamini.

Nimeokota vikonyo walivyotupa, nikavihesabu.

Haitakuwa hivi. Siku ya kupima baba mudogo hataona sahani ya tomati zilizopasuka na Selemani akicheka pembeni. Ataona kitu kitakachomufunga mudomo.

Alhamisi, 25 mwezi wa saba

Nimechuma mustari wangu wote, nimeacha tu vidogo vya juu. Kijani, tako jeupe. Kitunga kikubwa, majani makavu ya ndizi chini, katikati, juu. Nimevundika chini ya kitanda cha mama. Hapo mwizi apite kwanza juu ya mama.

Za shahidi nimeziacha mutini. Nani atamuiba mutoto mwenye sura ile?

Mama akauliza kama Mamzele anajua. Nikamuambia Mamzele anajua mambo ya chupa, mimi najua mambo ya tomati. Mama aliangalia kitunga, akaenda kuwasha moto.

Jumatano, 31 mwezi wa saba

Nimefungua. Ee. Nyekundu zote, rangi moja, kama zimezaliwa na mama mumoja saa moja. Nimezipangusa moja moja kwa kitenge. Unaweza kujinyolea ndevu kwa kujiangalia ndani yake.

Nasikia Selemani ameshaagiza kuni za kuchomea matofali. Aagize. Atazirudisha kichwani mwake.

Ijumaa, 2 mwezi wa nane

Naandika hii nikiwa nyuma ya nyumba. Sitaki kuonekana.

Meza iliwekwa uani kwa baba mudogo baada ya swala. Watu wengi kuliko nilivyofikiri. Akina mama wa bonde, vijana wa matofali, wazee wawili waliotoka musikitini na kanzu zao. Mamzele alifika moja kwa moja kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope, akaweka mufuko mezani bila kupita shambani. Mimi nilikuwa nimeshapanga sahani mbili. Sahani yangu: watu walisema ee. Sahani ya shahidi, zile nilizochuma asubuhi: watu walicheka. Zilikuwa na nyufa, madoa, moja iko na tundu la ndege. Baba mudogo akanyoosha kidole kwenye yangu, akasema hizi zinaweza kuuzwa hata Kinshasa. Nilikuwa mufalme. Muda wa kunywa kikombe cha chai, nilikuwa mufalme.

Mamzele akatoa kibomba chake cha kuchungulia. Unatia tone la maji ya tomati kwenye kioo, unaelekeza kwenye jua, unasoma ndani kivuli kimefika wapi. Kikipanda, sukari ni nyingi. Akachungulia ya kwangu. Akachungulia ya shahidi. Akapangusa kioo, akarudia. Akamupa baba mudogo achungulie mwenyewe.

Ya shahidi ilikuwa juu.

Nikasema sukari siyo vitamini. Nilisema kwa nguvu, wote wasikie. Mamzele akaitika kwa kichwa. Akakamua tomati ndani ya glasi mbili, yangu na ya shahidi, kipimo kimoja. Akatia maji ya unga wa muhogo kidogo kila glasi. Kisha ile dawa ya vidonda, iode, akaanza kudondosha tone kwa tone huku akikoroga. Akawaeleza watu: vitamini inakula iode. Vitamini ikiwa bado iko, rangi ya iode inapotea. Ikiisha, maji yanakuwa meusi. Glasi itakayokula matone mengi kabla ya kuwa nyeusi, hiyo njo yenye vitamini nyingi.

Ya kwangu ikawa nyeusi upesi. Kama usiku wa kuzima taa.

Ya shahidi ikala. Ikala tena. Ikaendelea kula. Watu walianza kuhesabu kwa sauti, wazee na vijana pamoja, na kila tone lilikuwa kofi kwangu. Ikawa nyeusi mwishowe. Mamzele akachukua tomati nyingine, akaosha glasi, akaanza upya. Vile vile. Mara ya tatu. Vile vile.

Selemani alisubiri mpaka kimya kikamilike.

«Docta, dawa yako inapunguza.»

Wote. Walicheka wote. Hata akina mama waliokuja kuomba masazo.

Mamzele aliniangalia, si kwa hasira, kama mutu anayetafuta ufunguo. Akaniuliza mambo ya kuchuma. Mbele ya wote. Selemani amesimama bega kwa bega na mimi, bado anapangusa machozi ya kicheko. Nikajibu. Sitaki kuyaandika.

Baba mudogo akasimama, akakunja mukeka wake. «Tomati zimesema,» akasema. Akaingia ndani.

Mama aliondoka kabla yangu. Nilimuona njiani, anachechemea, hakugeuka.

Jumamosi, 3 mwezi wa nane

Kile kibomba ni uongo. Iode ni ya zamani. Muhogo ulikuwa na ukungu. Moringa ni muti wa watu wa kujionyesha. Kindu hawajui kitu. Selemani aliweka kitu kwenye kijito. Baba mudogo alishaamua tangu mwanzo. Mamzele ni Mamzele Chupa. Wote wana wa mbuzi.

Nimeshuka bondeni kung'oa mustari wa shahidi. Miti yote. Nilikuwa nimeshang'oa minne, natupa kule, udongo unaruka. Mama akanikuta.

«Ile tomati imekukosea nini?»

Nikatupa muti niliokuwa nao mukononi. Yeye akainama, goti linalia, akaokota matunda yaliyoanguka, akaweka ndani ya kitenge. Akapika nayo jioni, na samaki wa kukausha. Nilisema sina njaa. Nilikula baadaye, nimesimama, kwenye sufuria. Ilikuwa tamu. Hilo nalo likanikasirisha.

Jumanne, 6 mwezi wa nane

Mamzele amekuja nyumbani kuaga. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Akamushukuru mama kwa kinu. Akanishukuru mimi kwa mabega. Akasema kazi yake itaandika ilichokiona: maji ya moringa yamepunguza sukari na vitamini ndani ya tomati za Kasongo. Walimu wake hawatafurahi, aliwaahidi kinyume chake. Shule haiwezi kuchukua bonde kwa majani yanayopunguza. Alisema kwa sauti ya chini, akikwaruza ukucha.

Alipofika mulangoni akageuka na kuniuliza tena lile la Ijumaa. Kwa upole. Tulikuwa wawili tu, Selemani haiko, kicheko hakiko. Nikajibu kama Ijumaa.

Akaniachia namba yake ya simu. Akasema nikikumbuka kitu chochote.

Nimupigie kumuambia nini? Mimi nakumbuka kila kitu, ile njo shida yangu. Nimekasirika mpaka masikio yana moto.

Akina mama wamemwaga maji yao ya moringa njiani. Niliona majani yamekauka kwenye vumbi, watu wanayakanyaga.

Alhamisi, 8 mwezi wa nane

Selemani ameanza. Vijana kumi na kitu, majembe, mbao za kufyatulia. Walianzia mustari wangu. Akanipigia kelele kutoka chini kama nataka kazi, kwamba mutu mwenye mikono ya kukoroga majani anaweza kukoroga tope.

Nilitafuta tusi. Mimi, mwenye matusi ya kuuza rejareja na jumla. Sikupata hata moja.

Jumapili, 11 mwezi wa nane

Mama ameenda kilimani asubuhi. Alifunga goti kwa kitambaa, akakata fimbo kwenye ua. Nilibeba dumu la maji nikamufuata. Kokoto kweli. Ukipiga jembe linaimba. Tulilima kipande kama mukeka mumoja, tukapumzika, tukalima kama nusu ya mukeka.

Kutoka kule unaona bonde lote. Matofali yamepangwa yanakauka, mistari mirefu, iliyonyooka. Selemani anajua kupanga, niseme ukweli.

Mama akaniuliza tupande nini hapa. Nikasema tomati haitakubali. Akasema tutajaribu muhogo basi. Akaeneza kitenge chini, akanyoosha muguu, akalala kidogo jua likiwa bado juu. Sijawahi kumuona akilala shambani.

Simu iko mufukoni. Iko na moto wa betri, iko na réseau, huku juu inashika vizuri kuliko nyumbani. Namba ya Mamzele iko. Sijapiga.

Moringa haikupunguza kitu. Sijui ingeongeza kiasi gani, na sasa hakuna anayejua, kwa sababu glasi ile haikupima majani, ilipima kitunga changu. Tomati za shahidi zilinyonya mutini mpaka asubuhi ya mwisho. Zangu nilizikata kikonyo siku nane mbele ya kupima, nikazipaka rangi kwa majani ya ndizi.

Hata hilo lingeponyeka. Miti yangu ilikuwa bado imesimama Ijumaa ile, iko na matunda madogo juu. Mamzele angesubiri yaive, angepima tena. Alichoniuliza ni kimoja tu, uani mbele ya watu na tena mulangoni kwetu: kama tomati zangu ziliivia mutini.

Nikasema ndiyo. Mara zote mbili nikasema ndiyo.